Linux ya Mzee

Simpendi kaka yangu. Naliweka hili mezani mapema, kwa sababu nimechoka na watu wanaoandika habari za ndugu zao kwa kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye ni mtoto wa mke mkubwa wa baba, mimi ni wa mke mdogo. Sisi Wakonzo mtoto hupewa jina kwa zamu aliyozaliwa na mama yake: wa kwanza ana lake, wa pili lake, na kuendelea. Yeye alimfungua mama yake, mimi nikamfungua mama yangu, basi tukapewa jina moja. Baba akiita, tunaitika wawili. Ili watutofautishe, yeye akaachiwa jina kamili, mimi nikabandikwa "mudogo". Nina mvi sasa, nafundisha hesabu sekondari hapa Kasese, nina mke na watoto, na yule bwana bado ananiita mudogo mbele za watu. Ni sajini jeshini, anakaa kambini Bwera, karibu na mpaka. Hata akiomba chumvi mezani utadhani anatoa amri.

Mama zetu wote wawili walishatangulia. Baba alikuwa amebaki peke yake kule Mahango, mlimani, na kifua kibovu na magoti yanayogoma kuteremka. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema ateremke akaishi kwa mwanawe wa kwanza. Halafu wakatutazama. Wa kwanza yupi? Hakuna aliyethubutu kusema. Mwisho wakatoa uamuzi wa waoga: mzee akae mwezi kwangu, mwezi kwa mwenzangu, kisha achague mwenyewe. Kila mtu pale alijua kinachochaguliwa si chumba cha kulala. Nyumba atakayozeekea baba ndiyo itakayoitwa nyumba ya mtoto wa kwanza, na yule mwingine ndiyo basi tena, atakuwa mudogo mpaka kaburini. Niliapa kwamba safari hii sitakuwa mimi.

Alianza kwangu. Baba alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, akichukua chumvi ya Katwe na kuivusha hadi Butembo, Kongo, akirudi na mbao na maharage. Kumkalisha mtu wa namna hiyo barazani ni kumfunga jela. Joto la Kasese lilimchosha, na kazi yake ikawa kutazama malori yanayopita barabarani na kuwatukana madereva wake. "Huyu anaua klachi! Tazama, tazama, mujinga huyu!" Mke wangu akaniambia mzee atakufa kwa kutazama. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kuna michezo ya kompyuta ya kuendesha malori, na kwamba nilikuwa na laptopu moja kuukuu kabatini.

Laptopu yenyewe ilikuwa imejaa virusi, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi haijafunguka. Fundi wa mjini alinishauri niufute mfumo wake wa zamani niweke Linux, ambayo ni ya bure na haichoshi mashine. Alichosahau kuniambia ni kwamba Linux si moja. Ziko nyingi kama makanisa ya Kasese, na kila moja ina wahubiri wake.

Jamani, wale wahubiri! Nilimwuliza mwalimu mwenzangu anayefundisha kompyuta: mtu anayeanza, asiyejua lolote, anayetaka kusikiliza redio, kusoma magazeti na kucheza gemu, aweke Linux ipi? Akanitazama juu ya miwani yake. "Inategemea," akasema. "Unataka kujifunza au unataka kutumia tu?" Tu! Nikamwambia nataka baba yangu aendeshe lori, sitaki digrii. Akanihutubia kuhusu uhuru wa programu mpaka kengele ikalia. Nikaenda mtandaoni, huko nako nikakuta watu wazima wanatukanana kwa sababu ya rangi ya madirisha. Mmoja aliandika kwamba anayetafuta Linux nyepesi kwa wanaoanza hastahili Linux. Ningempata huyo hapa Kasese ningemfundisha adabu, naapa.

Nikaamua kujaribu mwenyewe. Uzuri mmoja ni huu: unaiweka Linux kwenye flashi, unaiwasha kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, unaitazama tabia yake kabla ya kuiingiza ndani. Ya kwanza ilikuwa nzuri ya kupendeza lakini nzito, feni ya laptopu ikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. Nyingine ilinitaka niandike amri hata kwa kupandisha sauti. Nyingine ilikataa kabisa kuona WiFi. Mwisho nikafika kwenye Mint, na roho ikatulia. Chini kushoto kuna kitufe kimoja, ukikibonyeza kila kitu kinajipanga mbele yako. Kuna mahali pa kutafuta kiendeshi cha kadi ya picha, yaani kile kinachofanya gemu zisikwamekwame, unabonyeza, kinajiweka chenyewe. Mchezo wa malori ukashuka na kukubali. Mchezo wa mpira waliotaka wanangu ulikataa, kwa sababu mlinzi wake wa kukamata wadanganyifu haitambui Linux. Wanangu wakaninunia wiki nzima. Shauri yao, haikuwa kompyuta yao.

Nikaipanga kwa ajili ya mzee kama mtu anavyotandika kitanda cha mgeni. Nikakuza maandishi. Nikaondoa paswadi, ikiwashwa iingie yenyewe. Juu ya skrini nikaacha vitu vitatu tu: redio, gazeti na picha ya lori, kubwa kama chapati. Masasisho nikayaamuru yajifanye yenyewe. Nikamketisha baba, nikamwekea mkono kwenye kipanya.

Alipoona lori linaondoka alishika ukingo wa meza. Barabara ilikuwa ya Ulaya, magari yanapita kulia. "Ala!" akasema. "Hawa wanapita mukono ya kuume. Hii ni Kongo!" Na kwa sababu pale mpakani Mpondwe ndipo alipozoea kubadili upande, mikono yake ikakumbuka. Akaingia barabarani, akatafuta gia, akamtukana mwenye gari dogo aliyemkata, akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kutazama. Nilijisikia mwanamume kuliko siku zote za maisha yangu, nalisema bila aibu.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na amani. Asubuhi nilikwenda shuleni, jioni nilikuwa na wanafunzi wa masomo ya ziada, nikirudi namkuta mzee ameshafikisha mizigo yake na anasikiliza redio. Mke wangu naye alishinda dukani kwake. Mashine haikukwama hata mara moja. Mwezi mzima baba hakuniita kuniuliza kitu. Niliwasimulia walimu wote ofisini, hasa yule wa miwani, na nikamwambia: hiyo ndiyo maana ya Linux ya mtu anayeanza, mzee anajitegemea kabisa. Akarudi kwenye madaftari yake, na mimi nikafurahi.

Mwezi ukaisha, kaka yangu akaja kumchukua na gari la kuazima. Hakuingia ndani. Mzee akamsimulia malori kabla hata hajafunga mlango, na nikaona shavu la kaka linacheza. Alipokuwa akiwasha gari akaniambia dirishani, "Mudogo, kompyuta hata mimi niko nayo."

Alikuwa nayo kweli. Alikuwa amempata mfanyabiashara mmoja wa Beni aliyevuka mpaka na vitu vyake, akanunua kwake mashine nene yenye kadi ya picha ya nguvu, mara kumi ya ile yangu. Ingekuwa ni mashine tu, angenishinda. Lakini Linux ya kuweka alimwuliza koplo wa mawasiliano pale kambini, na huyo koplo, debe tupu haliachi kuvuma, akamwambia kwamba hiyo Mint ya mudogo wako ni ya walimu na mabibi harusi. Akamwekea nyingine. Sitaitaja jina, isije ikapata umaarufu. Ni ile inayojengwa tofali kwa tofali, kila kitu unakiandikia amri, na kila wiki ina masasisho ambayo ukiyapokea huna hakika kama itawaka. Kaka yangu akatangaza mbele ya vijana wake kwamba hiyo ndiyo Linux ya nyumba yake. Na jeshini mkubwa akishatangaza, imekwisha. Hawezi kurudi akasema, nimekosea, nileteeni ile nyepesi. Afadhali ife mbele ya macho yake.

Haya yote niliyajua siku ya soko nilipokwenda Bwera kumpelekea baba samaki. Nilipoikaribia nyumba ya kaka nilisikia sauti yake kabla sijamwona.

"Ingiza! Si hiyo! Rudi nyuma, Mzee! Rudi nyuma!"

"Wewe ulisema S!"

"S ndogo! Ndogo!"

Nikawakuta barazani. Skrini nyeusi, maandishi meupe, hakuna lori, hakuna redio. Kaka yangu amevaa fulana tu, jasho linamtiririka, anasoma amri kwenye simu yake kama anayesoma majina ya gwaride. Baba amekaa mbele ya kompyuta, anaandika kwa kidole kimoja, ulimi umetoka pembeni. Shemeji yangu, mke wa kaka, ameketi kwenye ndoo akichambua sombe, majani ya muhogo, na kuwacheka wote wawili. Akaniambia lori halijatembea tangu Ijumaa. Siku ya kwanza sauti ilipotea, ya pili picha, jana mashine nzima ikagoma.

Nilicheka. Sikuficha. Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

"Afande," nikasema, "hii si ya mtu anayeanza. Hii ni ya mtu asiye na kazi."

"Mudogo, kaa chini. Hapa ni kwangu."

"Niache niweke ile yangu. Kabla chai haijapoa mzee yuko barabarani."

"Hapana."

"Mzee anataka kuendesha, wewe unamfundisha kusoma!"

"Ataendesha. Kwanza tunatengeneza barabara."

"Barabara gani? Hujui hata unachokiandika! Unakariri kama kasuku!"

Akasimama. Ni mtu mrefu, na akisimama hivyo watu hukumbuka wana shughuli sehemu nyingine. Mimi sikusogea. Nikamwambia kila kitu kilichokuwa kimenikaa kooni tangu utotoni: kwamba anamtesa mzee mgonjwa kwa ajili ya jina, kwamba kuvaa magwanda si akili, kwamba kama si kutangulia kuzaliwa asingekuwa na kitu cha kujivunia duniani. Akaniambia mama yangu aliingia kwenye ile nyumba kupitia mlango wa nyuma. Nikakunja ngumi. Shemeji akaacha sombe.

"Nyamazeni!" Baba alipiga meza. Akikasirika huacha Lhukonzo na kuingia Kiswahili cha barabarani. "Muko munanipigia makelele, sasa nimesahau kama ile mustari niliandika ao sikuandika!"

Kaka akaketi, akaokota simu yake, akaanza tena kusoma kwa sauti ya chini. Mimi niliaga bila kugusa chai, na kwa watu wetu kuacha chai ya mtu mezani ni tusi tosha. Nilitaka alione.

Lakini nilirudi Kasese napiga mbinja. Niliona nimeshashinda. Mzee gani, mwenye kifua kile, atachagua kukaa mbele ya skrini nyeusi na kukaripiwa kama kuruta? Nikamwambia mke wangu tupake chumba rangi. Nikaagiza kutoka Kampala usukani wa kuchezea, ule wa kuchomeka kwenye kompyuta, wenye pedali za miguuni. Ukafika. Nikaufunga mezani, Mint ikautambua hapo hapo bila maswali. Nikaukalia mwenyewe nikaendesha kidogo, na nikawaza uso wa kaka yangu wazee watakapotangaza.

Baba hakusubiri wazee. Alikuja Jumapili mchana, baada ya misa, amebebwa na bodaboda kutoka stendi, fimbo yake mapajani. Nilimpokea, nikampa maji, nikamwonyesha chumba. Akagusa ukuta, akasema rangi ni nzuri. Nikamwonyesha usukani. Akauzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, akaurudisha katikati kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Nitakaa Bwera," akasema.

Nilidhani sikusikia. Kisha damu ikanipanda.

"Bwera! Baba, kwa yule? Kule kitu hakifanyi kazi hata siku mbili!"

"Ndiyo."

"Hapa haijaharibika hata mara moja. Hata mara moja! Nani mwingine angekupangia vizuri hivi? Umekosa nini kwangu? Sema, nikuletee."

"Sikukosa kitu," akasema. Akakaa kitandani, akapumzisha kifua. Alisema polepole, kwa Lhukonzo, lugha anayotumia akiwa hana hasira. "Kwako kila kitu kiko sawa. Naamka, nabonyeza, lori linakwenda. Nafika, nashusha mzigo, naondoka tena. Mwanangu, mimi nimeendesha lori miaka mingi, na sijawahi hata siku moja kusafiri bila taniboi. Ni nani wa kukuwekea jiwe nyuma ya gurudumu? Ni nani wa kukuzungumzisha usilale? Hapa nilikuwa naendesha peke yangu kutoka asubuhi mpaka jioni. Nikifika Ujerumani hakuna wa kumwambia nimefika."

"Na kule hata huondoki!"

"Kule hatuondoki," akakubali, na akacheka, Mungu amsamehe. "Kila siku mashine imekufa. Kila siku kaka yako akitoka kazini anavua shati anakaa pembeni yangu mpaka chakula. Ananikaripia, namkaripia. Yule hakuwahi kukaa na mimi toka azaliwe. Nilikuwa barabarani, halafu yeye akaenda jeshini. Sasa ndiye taniboi wangu."

Niseme nini? Kwamba na mimi nilikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa barabarani? Kwamba masomo ya ziada ndiyo yaliyokuwa yakimlisha? Nilikuwa na wivu, wivu mbaya, ule wa kutaka kuvunja kitu. Nilimtazama mzee akifunga kamba za viatu vyake na nikamchukia hata yeye kidogo. Nikampeleka mpaka stendi. Kabla hajapanda akanishika mkono.

"Kitu kimoja," akasema. "Yule atakupigia simu. Kichwa chake kigumu, lakini siku moja kitamshinda kabisa, atakupigia akuulize namna ya kuitengeneza."

"Nitamtengenezea, baba."

"Hapana. Mwambie hujui."

Wazee walitangaza, watu wakala, mimi nikala pia. Kaka yangu alinipa mkono mbele ya wote bila kusema neno, na hilo lilinikera kuliko kama angenicheka. Usukani nikampa mwalimu wa miwani, maana wanangu walisema mchezo wa malori ni wa wazee.

Simu ilikuja nikiwa nasahihisha mitihani, saa kumi jioni, ofisi ya walimu imejaa.

"Mudogo."

"Afande."

"Hii kitu imekufa kabisa. Asubuhi tulipokea sasisho, sasa skrini nyeusi tu, kijimstari kinapepesa. Koplo wamemhamisha. Nimejaribu yote." Nilimsikia akibonyeza vitufe ovyo. "Wewe unajua hizi vitu kuliko mimi. Hiyo nakubali. Niambie nifanye nini."

Nilijua. Mungu wangu, nilijua! Kabla hajamaliza nilishajua: azime, awashe akiwa ameshikilia kitufe kimoja, itokee orodha, achague mfumo wa jana badala ya wa leo, na kila kitu kitarudi. Mtoto wa kidato cha kwanza angeifanya. Tangu nipate akili nilikuwa nasubiri mtu huyu aseme kwa mdomo wake kwamba kuna kitu nakijua kumzidi, na sasa amesema, na walimu wote wameinua vichwa wakinitazama. Kwa mbali, nyuma yake, nilimsikia baba akikohoa, kisha akiuliza, "Anasema nini? Anaijua?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui? Mwalimu mzima, hujui?" Sauti yake ikapanda, na nikamsikia akifurahi, mshenzi yule, akifurahi kutoka moyoni. "Mzee, hata mudogo hajui!"

"Sijui, afande. Mjaribu tena wawili."

Hakukata simu. Aliiweka mezani ikiwa wazi, na nikasikia kiti kikivutwa sakafuni, kikisogezwa karibu na kingine.